Matamasha ya Unguja: Mkulima anaingilia mlango gani?

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

WAKULIMA wengi wa Unguja wanazijua shughuli za Ngome Kongwe kwa kuzisikia redioni. Mwimbaji wa Mali kaja, bendi ya Kongo imepanda jukwaani, wageni wamejaa mpaka Forodhani. Asubuhi yake mkulima anapanda gari ya shamba na polo lake la muhogo au tenga la nyanya, anashuka Mwanakwerekwe au Darajani, anamkuta dalali na bei ile ile ya juzi. Tamasha limekuja na limeondoka, na mfukoni mwake halikuacha hata nauli.

Hali hiyo si ya lazima. Wageni wanaofuata muziki na utamaduni wanakula kama watu wengine, tena usiku na mchana, na wengi wao wanapenda kula kilichotoka hapa hapa. Tatizo ni kwamba kinachoingia sahani zao mara nyingi kimevuka bahari. Nyanya, vitunguu, karoti na mbatata zinazotumika mahotelini na katika mabanda ya chakula ya mjini, sehemu kubwa hutoka Bara, Lushoto, Iringa na kwingineko. Fedha inaingia kwa ndege na boti, inazunguka siku mbili mjini, kisha inarudi ng'ambo kununua mzigo mwingine.

Makala haya yanaitazama kalenda ya matamasha kwa jicho la shamba na la biashara ndogo: lini watu wanakuja, wanakula nini, wananunua nini, na mkulima wa Ndijani, Bumbwini au Muyuni aanze lini kujipanga ili siku zenyewe zimkute na mzigo mkononi.

Soko lenyewe si dogo

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wapatao milioni 1.89 Zanzibar nzima, Unguja na Pemba. Mwaka 2023 watalii walioingia visiwani walizidi 600,000, na mwaka 2024 wakazidi 700,000. Si wote wanaokuja kwa ajili ya muziki, na wengi wanakwenda moja kwa moja Nungwi, Kiwengwa au Paje bila ya kulala mjini. Lakini matamasha yana sifa moja ambayo mkulima angepaswa kuipenda kuliko hoteli ya pwani: yanawakusanya watu mahali pamoja, kwa siku zinazojulikana mapema, na yanawatoa nje kula mitaani. Mgeni wa hoteli ya kifurushi anakula alichowekewa na mpishi wa hoteli. Mgeni wa tamasha anatoka Ngome Kongwe saa sita za usiku akiwa na njaa, na anavuka barabara kwenda Forodhani.

Lililo kubwa zaidi ni Sauti za Busara, lililoanza Februari 2004 na ambalo kwa miaka mingi limefanyika Ngome Kongwe, ile ngome ya mawe waliyoijenga Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Linaandaliwa na taasisi isiyo ya kibiashara, Busara Promotions, na kanuni yake ni muziki unaopigwa moja kwa moja na wanamuziki wa Afrika, si wa kuchezesha midomo juu ya kanda. Kabla ya majukwaa hufanyika maandamano ya ufunguzi, beni mbele, ngoma nyuma, na umati mkubwa wa wenyeji ambao hawatanunua tiketi lakini watanunua maji, karanga na barafu. Muuzaji mdogo ayafikirie zaidi maandamano hayo kuliko jukwaa lenyewe.

La pili ni tamasha la filamu la nchi za jahazi, ZIFF, lililoundwa mwaka 1997 na kufanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Linaangukia katikati ya mwaka, baina ya mwisho wa Juni na mwanzo wa Agosti kwa kutegemea mwaka. Julai hiyo hiyo serikali huwa na Tamasha la Utamaduni wa Mzanzibari, na Makunduchi kuna Mwaka Kogwa. Kusini tena, Julai au Agosti, kuna Tamasha la Kizimkazi, ambalo limekua haraka tangu mtoto wa kijiji hicho, Samia Suluhu Hassan, awe Rais wa Jamhuri ya Muungano mwaka 2021. Januari mji hujaa kwa sherehe za Mapinduzi na maonesho ya biashara, na Nane Nane ni mwezi wa Agosti, Kizimbani, ambako mkulima ndiye mwenye shughuli.

Ukiitazama kalenda hiyo utaona vilele viwili. Kimoja kipo kaskazi, Januari na Februari. Cha pili kipo kusi, Julai na Agosti. Katikati yake kuna masika, miezi ya Machi hadi Mei, ambapo baadhi ya hoteli hufunga milango kufanya ukarabati na mkulima mwenye mchicha mwingi haoni pa kuupeleka. Anayepanda kwa mazoea, bila ya kuhesabu, hujikuta mboga zake zimekomaa Aprili.

Wanakula nini usiku?

Bustani ya Forodhani ilitengenezwa upya kwa fedha za Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009. Jua likizama meza zinapangwa, taa zinawashwa. Pweza, ngisi, kamba, mishkaki ya ng'ombe na kuku, mkate wa kumimina, mkate wa ufuta, katlesi, bajia, urojo wenye kachori na chipsi za muhogo, pizza ya Unguja inayokaangwa juu ya bati, na juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu.

Ivunje orodha hiyo vipande vipande uone shamba lililo ndani yake. Juisi ya miwa inataka miwa, tangawizi na ndimu, vyote vitatu vinaota Unguja. Urojo unataka embe mbichi au ndimu kwa ukali, muhogo kwa chipsi, nazi kwa chatne, pilipili. Pizza inataka mayai, kitunguu, pilipili hoho, na ndizi kwa ile tamu. Mishkaki inataka papai bichi la kulainishia nyama na ukwaju wa kuchovya. Mkate wa ufuta unataka ufuta, ambao huja kutoka Bara, na hapo hakuna ubishi. Lakini mayai? Ndimu? Pilipili hoho? Ni vitu ambavyo mtu mwenye robo eka na kisima anaweza kuvitoa.

Wauzaji wa Forodhani hawaamki asubuhi kutafuta mkulima. Wananunua kwa mtu wanayemjua, anayefika saa ile ile kila siku, anayekubali kuchukua nusu ya fedha leo na nusu kesho. Mchuuzi wa Darajani anawapa hilo. Mkulima mmoja mmoja hawezi, kwa sababu leo ana tenga tatu za hoho na wiki ijayo hana hata moja. Ndiyo maana wakulima watano wa kijiji kimoja wanaopokezana kupanda, kila mmoja wiki mbili baada ya mwenzake, wana nguvu kuliko mmoja mwenye eka mbili. Mradi wa Viungo, mboga na matunda uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kuanza mwaka 2020 ulifanya kazi na vikundi vya wakulima Unguja na Pemba, na kijiji ambacho kikundi chake bado kipo hai kina pa kuanzia.

Kwa pweza hesabu ni ya mwezi angani, si ya mwezi wa kalenda. Wanawake wanaochokoa pweza miambani wanavua vizuri wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji yanapotoka mbali. Maji mafu yakiwepo, mwamba haufunuki na pweza anapatikana kwa mpiga mbizi tu, kwa bei ya juu. Mwaka 2025 Sauti za Busara lilikuwa tarehe 14 hadi 16 Februari na mwezi ulikuwa mpevu tarehe 12, yaani tamasha liliangukia kwenye bamvua lenyewe. Mwaka ambao tarehe zinaangukia maji mafu, mwenye friza aliyenunua bamvua lililotangulia ndiye atakayeuza. Tarehe za tamasha hutangazwa miezi kadhaa kabla, na mwezi haufichi ratiba yake.

Kurudi nyuma kutoka siku ya tamasha

Njia nyepesi ya kupanga ni kuanza na siku ya shughuli na kuhesabu kurudi nyuma. Tuseme tamasha ni wiki ya kwanza au ya pili ya Februari.

Tikitimaji linachukua siku 80 hadi 90 tangu mbegu kuingia ardhini. Kwa hiyo mbegu iingie wiki ya kwanza au ya pili ya Novemba, mvua za vuli zikiwa zinanyesha. Ardhi ya mawe ya kusini, ile watu wanayoiita ya uwanda, inalikubali tikiti vizuri, kwani maji hayatuami. Nyanya inataka karibu wiki nne kitaluni na miezi miwili na nusu hadi mitatu shambani, hivyo kitalu kiwe tayari mwanzoni mwa Oktoba, na hapo mwenye maji ya kumwagilia ndiye mwenye uhakika, maana vuli siku hizi huchelewa. Kotmiri na saladi zinataka siku 45 hadi 60, hizo ni za katikati ya Desemba. Kuku wa nyama anauzwa wiki ya tano au ya sita, kwa hiyo vifaranga viingie bandani kabla ya Krismasi au mara tu baada yake. Muhogo na miwa ni hadithi ya mwaka mzima, aliyekwisha kupanda ndiye aliyepanda.

Maembe hayahitaji kuhesabiwa, msimu wake ni kuanzia Novemba hadi Februari na yanajaa kila pahala. Bei yake ndiyo inayojaa huzuni. Februari embe zuri linaanza kuadimika, na mwenye mti unaochelewa kuzaa asikimbilie kuuza mti mzima kwa mchuuzi mwezi wa Novemba kwa sababu ya shida ya siku moja.

Kwa kilele cha Julai mambo ni tofauti. Tikiti la Julai lazima lipandwe Aprili, katikati ya masika, na kila aliyejaribu anajua ukungu unavyolimaliza. Afadhali kuliacha, ukalipanda katikati ya Mei kwa ajili ya Agosti na tamasha la Kizimkazi likiangukia mwezi huo. Julai ni ya machungwa. Ndijani na Machui wanajulikana kwa machungwa, na wakati huo miti imeelemewa. Chungwa lililomenywa ngozi ya juu kwa kisu, likakatwa kichwa, likanyonywa, ni kitu ambacho mgeni hakukijua kwao na anakipenda. Hakihitaji barafu wala umeme.

Hesabu ya tikiti mia moja

Watu wengi wakisikia habari za tamasha wanafikiri dawa ni kumruka dalali na kwenda kuuza wenyewe vipande vipande. Hebu tuweke hesabu mezani. Bei hizi ni za mfano tu, msomaji aweke zake.

Mkulima ana matikiti 100. Akimpa dalali kwa shilingi 2,000 kila moja, anaondoka na 200,000 siku hiyo hiyo na kulala.

Akikubaliana mapema na wauza matunda wa mjini kwa shilingi 3,000, anategemea 300,000. Atoe nauli ya gari 30,000, na matano yaliyopasuka njiani, 15,000. Zinabaki 255,000.

Sasa auze mwenyewe vipande. Tikiti moja linatoa vipande 12 vya shilingi 500, yaani 6,000. Ukizidisha kwa mia unapata 600,000, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa kwa furaha. Lakini peke yake, na msaidizi mmoja, katika usiku nne za shughuli, akijitahidi atauza matikiti 15 kwa usiku. Hayo ni 60, shilingi 360,000. Yale 40 yaliyobaki atayauza asubuhi ya siku ya tano kwa 1,000, maana ameshachoka na yameshalainika: 40,000. Jumla 400,000. Atoe gari 30,000, msaidizi 15,000 kwa kila usiku, yaani 60,000, barafu na vifungashio 40,000. Amebaki na 270,000. Ametoka jasho usiku nne kwa tofauti ya shilingi 15,000, na bado hatujahesabu ushuru wa Baraza la Manispaa.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, njia ya katikati ndiyo njia. Makubaliano ya mapema na wauzaji ambao tayari wana meza, vibali na wateja. Biashara ya rejareja ya usiku ni kazi ya mtu wa mjini anayeijua, na mkulima ana shamba linalomngoja.

Mauwa, ukili na sabuni

Matamasha ni ya wageni, lakini muziki wa Unguja haupo kwa wageni tu. Kikundi cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905 na Culture Musical Club mwaka 1958, kabla ya mtalii wa kwanza wa leo hajazaliwa. Siti binti Saad, aliyetoka Fumba akiwa muuza vyungu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002, kimetoa vijana wanaopiga kanuni na udi mpaka Ulaya. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alipewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na jina lake peke yake liliwavuta watu kuvuka bahari.

Penye taarabu pana asumini. Harusi, maulidi, usiku wa taarabu, mwanamke hatoki bila ya kikuba au shada la asumini kichwani. Asumini huchumwa jioni kabla haijafunguka, ikatungwa uzi, na ikauzwa usiku ule ule, kwani kesho yake imenyauka. Mti wake unaota uani, hauli mbolea nyingi, na unataka mikono ya watoto na bibi zao tu. Ni ajabu kwamba wageni wa tamasha wanaokaa kwenye baraza za Ngome Kongwe wanapita bila ya kuona asumini ikiuzwa mlangoni, wakati harufu yake ingewauza wenyewe. Pamoja na rihani na mkadi, hili ni zao la mtu asiye na shamba kabisa.

Vijiji vya kusini na mashariki vina ukili. Mikeka, vikapu na vipepeo vinafumwa kutokana na majani ya mkindu, na hapa sheria yenyewe inamsaidia mfumaji: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar miaka mingi kabla ya Bara, ambako ilikuja mwaka 2019. Kikapu kidogo cha ukili chenye mdalasini, hiliki na pilipili manga ndani yake kinauzika kwa bei ambayo vitu hivyo vikiwa mbalimbali haviifikii. Karafuu iangaliwe kwa uangalifu, ina sheria yake na mnunuzi wake ni Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Mwenye kutaka kuifunga kwa ajili ya wageni aulize kwanza.

Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, kina mama wamejifunza kwamba mwani mkavu wa gunia hauna bei, bali sabuni ya mwani ina bei. Kilo moja ya mwani mkavu huwalipa kidogo sana. Ukisagwa ukatiwa kwenye sabuni pamoja na mafuta ya nazi na mdalasini, mgeni ananunua kipande kimoja kwa fedha ambayo ingenunua kilo kadhaa za mwani. Tamasha ni mahali pazuri pa sabuni: haiozi, haipasuki, isiyouzwa Februari itauzwa Julai.

Makunduchi, ambako mgeni ni lazima

Mwaka Kogwa haukutengenezwa na mtu wa utalii. Ni mwaka mpya wa hesabu ya Kishirazi, unaosherehekewa Makunduchi kwa siku nne, kwa kawaida katika wiki ya tatu au ya nne ya Julai. Wanaume wa pande mbili za mji wanapigana kwa mapande ya mgomba, kila mmoja akimaliza hasira zake za mwaka uliopita, kisha kibanda cha makuti kinachomwa moto. Wanawake wanapita wakiimba, wamevaa kanga mpya. Na ipo imani kwamba mtu wa Makunduchi akikosa mgeni siku hiyo si jambo jema.

Kwa mfanyabiashara imani hiyo ina uzito. Kila nyumba inapika zaidi ya idadi ya watu wake. Watu wanatoka mjini kwa magari tangu asubuhi na hawarudi mpaka usiku, na njia ya kwenda huko inapita vijijini. Wali, nazi, samaki, kuku wa kienyeji, kanga za sare. Kuku wa kienyeji anachukua miezi mitano hadi sita kukua, kwa hiyo jogoo wa Mwaka Kogwa ni kifaranga cha Februari. Hata mapande ya mgomba yanatoka kwenye shamba la mtu.

Wenyeji wengi hawapendi sherehe yao igeuzwe soko, na wana haki. Lakini anayeuza nazi barabarani hamvunjii mtu heshima.

Yaliyokwisha kutokea

Anayetaka kuweka fedha zake kwenye matamasha ajue kwamba yanaweza kutofanyika. Sauti za Busara halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha za wafadhili, likarudi Februari 2017. Mwaka huo huo wa 2016 kipindupindu kiliingia na serikali ikapiga marufuku uuzaji wa vyakula na juisi mitaani, ikawa pigo juu ya pigo kwa wauzaji wa mjini. Mwaka 2021, wakati wa korona, tamasha lilipunguzwa likawa la siku mbili. Mwaka 2022 ufadhili wa ubalozi wa Norway, uliokuwa nguzo kwa zaidi ya miaka kumi, ulifikia mwisho, na waandaaji wakageukia makampuni. Tiketi peke yake haziwezi kulipa gharama za tamasha la namna hiyo, hasa ikizingatiwa kwamba Watanzania wanauziwa kwa bei ya chini kuliko wageni, jambo ambalo ni la haki.

Kwa hiyo mkulima asikope kwa ajili ya tamasha. Apande mazao ambayo yana soko jingine likishindikana hili. Nyanya na ndimu zinaliwa na kila mtu. Saladi ya aina ya kigeni, hoteli zikikataa, utaila na mbuzi wako.

Usafi nao si jambo la kupita juu juu. Anayeshika chakula apime afya, awe na cheti, maji yake yawe ya kuchemsha au ya chupa, na barafu yake ajue imetoka wapi. Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA, na maofisa wa afya wa manispaa wanapita, na usiku wa tamasha si usiku wa kubishana nao. Aombe kibali wiki kadhaa kabla. Nafasi za Forodhani zina wenyewe, lakini njia ya maandamano, stendi za magari na vituo vya boti bandarini mara nyingi hufikirika kidogo. Abiria wa boti ya Dar es Salaam anakaa baharini karibu saa mbili, anashuka na kiu.

Mfungo unasogea

Limebaki jambo moja ambalo litaibadilisha kalenda hii. Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, mwaka 2026 ikaanza katikati ya Februari, nalo tamasha likawa mapema mwezi huo. Kwa hesabu ya mwandamo, mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na mwaka 2028 karibu na tarehe 28 Januari. Maana yake ni kwamba mwaka 2028 takriban Februari yote ni mfungo. Ngoma na muziki hazichezwi Unguja Ramadhani, na mikahawa mingi hufunga mchana.

Si mara ya kwanza. Miaka ya 2012 hadi 2015 mfungo ulipokuwa katikati ya mwaka, ZIFF ndiyo iliyosukumwa huku na huku. Mwaka 2014 ilifanyika Juni, kabla ya mwandamo. Waandaaji wa Februari watalazimika kufanya hivyo hivyo kwa miaka kadhaa, na mfanyabiashara asiyefuatilia matangazo yao ataleta mzigo mjini wiki ambayo hakuna mtu.

Mkulima hana haja ya kuogopa sana. Kwa tikiti, muhogo, ndizi mbivu, magimbi, nazi na tangawizi, Ramadhani ni soko kubwa kuliko tamasha lolote, kwa sababu wanunuzi wake ni sisi wenyewe, kila nyumba, siku 29 au 30 mfululizo. Tikiti lililopandwa wiki ya kwanza ya Novemba 2027 litakomaa mwisho wa Januari 2028. Halitajua kama linakwenda Forodhani au kwenye sinia la futari, na bei ya wiki ya kwanza ya mfungo mara nyingi huwa ndiyo nzuri. Aliye na eneo la kutosha agawanye mbegu mafungu mawili, la pili liingie ardhini wiki mbili baadaye, likute kumi la kati. Eid itakuwa karibu na tarehe 26 Februari, na siku zile watoto wakienda Mnazi Mmoja na nguo mpya, ni zamu ya mwenye miwa na mwenye ndimu.